Mwenye Maghorofa Aagize Mashine Yake

Katikati ya Januari, barafu ikiwa imeganda barabarani, maghorofa ya umma ya jiji la New York huonekana yakiwa na madirisha wazi. Wakazi wake hawajarukwa na akili. Ndani kuna joto la kumtoa mtu jasho, na kifaa pekee cha kulipunguza ni hilo dirisha. Boila iliyo chini ya jengo huchemsha maji, mvuke hupanda kwa mabomba ya chuma hadi kwenye rejeta za vyumbani, na mkaaji wa fleti hana swichi ya kuamua apate kiasi gani. Huyu anaungua, na jirani yake wa mwisho wa bomba anajifunika mablanketi mawili. Mafundi wa mitambo hii husimulia kwamba baada ya homa kuu ya mafua ya 1918, wataalamu wa afya walisisitiza hewa safi vyumbani hadi boila zikapimwa ziwe na nguvu ya kupasha nyumba hata madirisha yakiwa wazi. Homa ikapita, boila zikabaki.

Mfumo huo unakula mafuta na gesi bila kutoa hata ile huduma uliyowekwa kuitoa. Kwa sheria ya jiji, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Mei mwenye nyumba anawajibika kuhakikisha chumba kina joto la nyuzi 20 mchana kukiwa na baridi nje. Katika majira ya baridi ya 2017 kuingia 2018, takriban asilimia 80 ya wakazi wa NYCHA, mamlaka ya nyumba za umma ya jiji hilo, walikosa joto au maji ya moto kwa muda fulani. Hao ni zaidi ya watu 300,000 katika mji tajiri kuliko karibu miji yote duniani. Na wakati huohuo majengo ndiyo yanayotoa takriban theluthi mbili ya hewa ukaa yote ya New York. Kwa hiyo hakuna anayebisha kwamba maghorofa haya ya zamani lazima yakarabatiwe ili yatumie nishati kidogo. Kinachobishaniwa ni namna ya kufanya hivyo.

Jibu la kiufundi linajulikana miaka mingi. Pampu ya joto ni kiyoyozi kinachoweza kugeuzwa: wakati wa joto huondoa joto ndani na kulitupa nje, wakati wa baridi hulichota nje na kuliingiza ndani. Kwa kuwa inahamisha joto badala ya kulizalisha, uniti moja ya umeme huweza kuleta takriban uniti tatu za joto. Hakuna boila inayoweza hivyo, hata ikiwa mpya kutoka kiwandani. Basi kwa nini mashine hiyo haikuwa imejaa New York tangu zamani? Jibu la haraka ni fedha, na si la uongo, ila linaficha jambo. Sehemu kubwa ya gharama ya kuweka pampu za joto katika jengo la zamani haiendi kwenye mashine. Inakwenda kwenye kutoboa kuta ambazo huenda zina asbesto, kupitisha mabomba ya gesi ya kupoozea kutoka nje hadi ndani, kutafuta mahali pa kuning'iniza mitambo ya nje kwenye ghorofa ya 14, na zaidi ya yote, kubadilisha nyaya. Majengo ya miaka ya 1940 na 1950 yaliwekewa umeme wa taa, redio na friji ndogo. Soketi ya kawaida ya Marekani ni ya volti 120, na saketi yake ya ampea 15 haibebi zaidi ya wati 1,800. Pampu nyingi za joto zilizokuwa sokoni zilihitaji volti 240 na saketi yake peke yake. Maana yake ni kubomoa ukuta wa kila fleti, kuongeza nyaya kuu zinazopanda jengo zima, kisha kuiomba kampuni ya umeme ilete transfoma kubwa zaidi. Na kazi zote hizo zifanyike mama mwenye watoto watatu akiwa ndani, kwa kuwa hana pa kwenda.

Hoja yangu ni kwamba kikwazo hiki cha teknolojia hakikutokana na uhaba wa ugunduzi. Kilitokana na ukimya wa mnunuzi. Viwanda hutengeneza mashine kwa ajili ya mteja anayesikika: mwenye nyumba ya peke yake yenye uwanja nyuma, mwenye hoteli, mkandarasi wa jengo jipya. Mpangaji wa ghorofa la zamani hana sauti kiwandani, na mwenye jengo, hata awe na fleti laki moja, kwa kawaida huingia sokoni akichagua katika vilivyopo. Anafanya kama mnunuzi wa mtumba, anayejibana ndani ya suruali iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine, ilhali ana wateja wa kutosha nyuma yake kumpa fundi cherehani kazi ya mwaka mzima. Kikwazo cha teknolojia katika maghorofa ya zamani huanza kuvunjika pale mwenye maghorofa mengi anapoacha kuuliza "kuna nini?" na kuanza kusema "nitengenezewe hiki, na hii ndiyo ahadi yangu ya kununua."

New York ilifanya hivyo Desemba 2021. NYCHA, yenye fleti takriban 177,000, iliungana na mamlaka ya umeme ya jimbo, NYPA, na wakala wa nishati wa jimbo, NYSERDA, wakatangaza shindano lililoitwa Clean Heat for All. Masharti yake ndiyo yaliyonivutia, kwa sababu yaliandikwa na watu wanaolijua jengo la zamani lilivyo. Mashine ikae dirishani. Ichomekwe kwenye soketi ileile ya volti 120 iliyopo. Isihitaji kutoboa ukuta wala fundi wa mabomba ya gesi. Iwekwe kwa saa chache, si kwa wiki. Na iendelee kupasha joto hata nje kukiwa na baridi kali ya New York, kiwango ambacho viyoyozi vya kawaida vya dirishani havikukaribia. Mashine ya namna hiyo haikuwa dukani. Nyuma ya masharti kulikuwa na ahadi: oda ya mashine 30,000 na dola milioni 70. Agosti 2022 washindi wawili walitangazwa. Midea, kampuni kubwa yenye asili ya China, ilipewa mashine 20,000, na Gradient, kampuni changa ya California, ilipewa 10,000. Majaribio yalianza 2023 katika fleti 24 za Woodside Houses, eneo la Queens, na matokeo yaliyotolewa yalionyesha nishati ya kupasha joto ikipungua kwa zaidi ya robo tatu ukilinganisha na fleti zilizobaki kwenye mvuke. Wakazi walipata pia kitu ambacho mvuke haukuwahi kuwapa: kitufe cha kuamua joto la chumba chao wenyewe, na ubaridi wakati wa kiangazi.

Hilo halikuwa jambo jipya, na hapo ndipo hoja inapopata nguvu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakala wa serikali ya Sweden ulioitwa NUTEK ulizikusanya kampuni za nyumba za kupanga, ambazo nchini humo ndizo zinazonunua friji za fleti, ukaandika kiwango cha matumizi ya umeme ambacho hakuna friji sokoni iliyokuwa imekifikia, na kuahidi oda kwa atakayekifikia. Electrolux ikashinda. Mtindo huo ukatumika tena kwa madirisha na kwa pampu za joto, na leo Sweden ni miongoni mwa nchi zenye pampu nyingi zaidi za joto kwa idadi ya watu. Katikati ya muongo huo, NYCHA na NYPA waliiga. Tatizo lao lilikuwa friji ndogo ya fleti: watengenezaji walikuwa wameboresha friji kubwa za watu wenye nafasi na kuziacha hizi ndogo zikila umeme kama zamani. Wakaandika vipimo wanavyotaka, wakaahidi kununua makumi ya maelfu, na kuacha mlango wazi kwa mamlaka za nyumba za miji mingine kununua kwa masharti yaleyale. Maytag ikatengeneza friji iliyotumia chini ya nusu ya umeme wa zile za zamani. Mamlaka ileile ya nyumba imetumia mbinu ileile mara mbili, miaka 25 ikiwa kati yake, na mara zote mbili kifaa kilichosemwa kuwa hakipo kimepatikana.

Siri yake inaeleweka ukikaa upande wa kiwanda. Kabla ya kuuza kifaa cha kwanza, mtengenezaji analipia usanifu, viunzi vya kufinyangia, majaribio ya maabara, vyeti vya usalama na mafunzo ya mafundi. Fedha hizo zinatoka mfukoni kabla hata senti moja haijaingia. Akikosea kuhusu soko, zimekwenda. Kwa hiyo hurekebisha kidogo kidogo kile ambacho tayari kinauzika, na jengo la zamani linabaki nje ya hesabu zake mwaka baada ya mwaka. Ruzuku kwa mnunuzi haiondoi woga huo, maana inapunguza bei ya kilichopo bila kuleta kisichokuwepo. Utafiti wa vyuo vikuu nao hauuondoi. Unaonyesha kwamba jambo linawezekana, ila haumwambii mwenye kiwanda nani atanunua. Oda yenye saini ndiyo inayomwambia.

Kuna wanaosema sheria kali ingetosha. New York inayo: Sheria ya Jiji Namba 97 ya 2019 imeweka ukomo wa hewa ukaa kwa majengo mengi yanayozidi futi za mraba 25,000, kuanzia 2024 na kwa ukali zaidi kuanzia 2030, na atakayevuka hulipa dola 268 kwa kila tani. Naiunga mkono. Lakini mwenye jengo aliyetishwa kwa faini na asiye na mashine inayofaa jengo lake ana njia tatu: kulipa, kwenda mahakamani, au kumpa mpangaji mzigo. Baadhi ya wenye majengo wa New York wamekwisha kwenda mahakamani. Sheria inamfanya mnunuzi awe na haja, na haja isiyo na kifaa huishia kuwa manung'uniko. Vyote viwili vinahitajika, na kama ni lazima kimoja kitangulie, basi afadhali kifaa.

Kipingamizi kizito zaidi kinatoka Uholanzi. Huko mpango wa Energiesprong ulijaribu kufanya kwa ukarabati wa nyumba nzima kile ambacho NUTEK ilifanya kwa friji. Mwaka 2013 wakandarasi wakubwa na mashirika ya nyumba walitia saini makubaliano ya kukarabati nyumba 111,000 ziwe zinazalisha nishati sawa na zinayotumia. Jengo lingepimwa kwa skana, ukuta mpya wenye kihami joto ungetengenezwa kiwandani ukiwa na madirisha tayari, paa la sola lingefuata, na kila kitu kingefungwa kwa siku chache wakazi wakiwa ndani. Mbinu ilifanya kazi, na ukiangalia nyumba zilizokamilika huwezi kubisha. Ila zilizokamilika zilikuwa maelfu machache, mbali sana na 111,000, na bei haikushuka kwa kasi iliyotarajiwa. Je, hiyo haionyeshi kwamba oda ya pamoja ni ndoto? Naona inaonyesha mpaka wake. Friji ya ghorofa ya pili na ya ghorofa ya 20 ni friji moja. Ukuta haufanani na ukuta: huu umepinda, ule una veranda, wa tatu umejengwa juu ya msingi usiobeba uzito wa ziada. Kila tofauti hurudisha kazi kwa fundi wa mkono, na faida ya kiwanda inayeyuka. Oda ya pamoja hufanikiwa pale kifaa kinapoweza kuwa kimoja kwa fleti elfu nyingi, na hushindwa pale kila jengo linapodai kipimo chake. Ndiyo maana New York ilianza na dirisha na soketi, vitu ambavyo hufanana katika karibu kila jengo la zamani, ikaacha kuta kwa siku nyingine. Ulikuwa uamuzi wa busara kuliko unavyoonekana.

Kuna kipingamizi kingine ambacho hakitaki majibu ya haraka. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, moto ulipanda nje ya Grenfell Tower mjini London, na watu 72 wakafa. Jengo lilikuwa limemaliza kukarabatiwa mwaka mmoja tu kabla, na sehemu ya lengo la ukarabati huo ilikuwa kuhifadhi joto. Vibao vya nje vilivyotumika vilikuwa vya alumini vyenye plastiki ya polithini katikati, na hiyo ndiyo iliyowaka. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi, iliyotolewa Septemba 2024, ililaumu miongo ya uzembe wa serikali na udanganyifu wa makampuni yaliyouza bidhaa hizo. Wako wanaotumia msiba huo kusema maghorofa ya zamani yaachwe yalivyo. Mimi nausoma tofauti. Pale Grenfell, wakazi walilalamikia usalama wa jengo lao wakapuuzwa, na bidhaa ziliingia jengoni bila mnunuzi mwenye uwezo wa kuzihoji. Mnunuzi mkubwa anayeandika masharti yake, anayejaribu fleti 24 kabla ya kununua kwa maelfu, na anayedai kuona vipimo vya moto kwa macho yake, ndiye kinga ambayo wakazi wa Grenfell hawakuwa nayo. Ni kweli pia kwamba majaribio haya huanzia kwa maskini, kwa kuwa ndio wakaao nyumba za umma, na lipo jambo la kukera katika kuwafanya wao wa kwanza kwa kila kipya. Wapangaji wengi wa NYCHA, hata hivyo, hawalipi bili ya kupasha joto. Imo ndani ya kodi. Kama mashine ikiongeza umeme, anayebeba ni mamlaka. Haki hiyo ingehitaji kulindwa kwa maandishi popote mbinu hii itakapokwenda.

Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja atauliza rejeta na barafu zinamhusu nini. Zinamhusu kwa sababu pampu ya joto na kiyoyozi ni mashine moja, na mwambao wetu unajaa maghorofa yaliyojengwa kabla AC haijawa kitu cha kawaida: fleti za Upanga jijini Dar es Salaam, za Michenzani Unguja zilizojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na nyingi nyingine za Kariakoo na za Kizingo, Mombasa. Kila fleti inajinunulia AC yake kwa wakati wake, na nje ya jengo mitambo inaning'inia ovyo, kila mmoja ukiupulizia mwenzake joto. Uchunguzi uliotolewa 2020 na mashirika ya CLASP na IGSD kuhusu nchi 10 za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, ulikuta zaidi ya theluthi ya AC zinazouzwa zilikuwa za ufanisi mdogo, nyingine zikitumia gesi ambazo nchi zinazotengeneza mashine hizo zimejikataza kwao wenyewe. Ni jambo la kuchekesha kwa uchungu ukikumbuka kwamba makubaliano ya dunia ya kupunguza gesi za majokofu na viyoyozi zinazochangia joto la dunia yalifikiwa hapahapa jirani, Kigali, Oktoba 2016.

Hesabu yake si ngumu. AC ya BTU 12,000 ya ufanisi mdogo inavuta takriban kilowati moja na robo kompresa ikifanya kazi. Nzuri ya inveta inaweza kutoa ubaridi uleule kwa takriban kilowati 0.8. Kwa usiku wa saa 8 mfululizo tofauti inazidi uniti 3. Kwa mteja wa TANESCO asiye kwenye kundi la matumizi madogo, Sh10,000 hutoa uniti kama 28, kwa hiyo tofauti hiyo ni zaidi ya Sh35,000 kwa mwezi kwa chumba kimoja. Lakini aliyenunua AC mara nyingi ni mwenye nyumba, na anayeingiza namba za LUKU ni mpangaji. Mwenye nyumba akienda dukani anatazama bei ya siku ile. Bili ya miaka 10 si yake. Soko likiachwa lenyewe litaendelea kuleta mashine ya bei rahisi, kwa sababu mwenye kuumia hayupo dukani.

Sasa fikiria wanunuzi wenye maghorofa mengi. Tanzania ina Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa 1962, na Wakala wa Majengo, TBA, unaowapangisha watumishi wa umma. Zanzibar ina shirika lake la nyumba. Mombasa ina nyumba za kaunti. Kila mmoja akinunua au akiwaruhusu wapangaji wake kufunga AC kivyake, hana nguvu. Wakiandika masharti pamoja, wanaweza kudai mashine ya Pwani, ambayo haipo sokoni kwa maana kamili. Koili ya nje ipakwe kinga dhidi ya chumvi ya bahari, kwa kuwa ndiyo inayoiozesha mapema. Ivumilie umeme unaoshuka na kupanda bila kuungua bodi, ili mtu asilazimike kununua stabilaiza ya pembeni. Ianze kwa upole, isiinyang'anye transfoma ya mtaa nguvu kila kompresa inapowaka. Iwe na vipuri vinavyopatikana nchini kwa miaka inayojulikana, na fundi wa kawaida aweze kuifungua. Katika jambo moja sisi tuna nafuu kuliko New York: soketi yetu ya volti 230 na ampea 13 hubeba karibu kilowati 3, zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya Marekani. Kizuizi kilichowatesa wao miaka mingi, kwetu kimekwisha kabla hatujaanza.

Hilo linaonekana zaidi jikoni. Baada ya pampu za joto, NYCHA na wenzake walitangaza 2023 shindano la majiko ya umeme wa sumaku, kwa sababu jiko la kawaida la umeme la Marekani nalo linadai nyaya mpya. Kampuni ya Copper ya California ikapata oda ya majiko 10,000 yenye betri ndani: jiko linajichaji polepole kutoka soketi ndogo, na linapopikia linavuta nguvu ya betri. Ni ufundi mzuri, na ni ghali. Sisi hatuhitaji betri. Jiko la presha la umeme la kilowati moja linachomekwa kwenye soketi ya chumba chochote chenye nyaya nzima. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na katika fleti za mijini kikwazo kilichobaki ni ubora wa kifaa, bei yake, na hali ya nyaya za jengo. Yote matatu yanaweza kuandikwa ndani ya zabuni moja.

Wapo watakaosema soko letu ni dogo mno kwa kiwanda cha Guangdong, China, kutusikiliza. Oda ya Gradient ilikuwa mashine 10,000. Idadi hiyo haizishindi taasisi za umma za nchi mbili zikikaa meza moja, hasa zikiongezwa ofisi, hospitali na hosteli za vyuo. Bohari ya Dawa ya Tanzania, MSD, tayari imekabidhiwa kazi ya ununuzi wa pamoja wa dawa kwa niaba ya nchi za SADC, na GPSA, wakala wa ununuzi wa serikali, huingia mikataba ya jumla ambayo taasisi za serikali hununulia. Wazo la kukusanya wanunuzi si geni kwetu. Tumelitumia kwa vidonge na matairi tukasahau viyoyozi. Wapo pia watakaosema zabuni kubwa ni mlo mkubwa kwa walafi, na hapo sina jibu la kumtuliza mtu aliyekwisha kuona. Ninachoweza kusema ni kwamba zabuni ya mtindo huu ina kinga ambayo ununuzi wa kawaida hauna: kifaa kinapimwa maabara, kisha kinakaa miezi ndani ya fleti halisi chenye mita yake, na matokeo yanachapishwa kabla oda kubwa haijatolewa. Ni rahisi kuhonga kamati kuliko kuhonga mita. Afadhali pia washindi wawe wawili, kama New York, ili mmoja akilegea mwingine yupo.

Na yule anayesema Bwawa la Julius Nyerere limetupa megawati 2,115, hivyo kubana matumizi kumepitwa na wakati, amechanganya bwawa na transfoma. Umeme unaweza kuwa mwingi Rufiji na bado ukakatika Upanga, kwa sababu nyaya za mtaa na za ndani ya jengo zina ukomo wake. Ghorofa la fleti 24 zenye AC mbilimbili za ufanisi mdogo linadai takriban kilowati 60 jioni moja ya Februari; kwa mashine nzuri linadai chini ya 40. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mwenye jengo atalazimika kulipia transfoma mpya au la, na hakuna bwawa linaloilipia.

Hatua ya kwanza haihitaji bajeti kubwa. Shirika la Nyumba la Taifa, TBA na Shirika la Nyumba Zanzibar wakubaliane juu ya waraka mmoja wa masharti ya AC ya Pwani na mwingine wa jiko la umeme la fleti, wachague jengo moja Dar es Salaam na moja Michenzani la kujaribia, wafunge mita, wachapishe namba, kisha watangaze ni mashine ngapi wako tayari kununua kutoka kwa atakayeyafikia masharti hayo. Wakurugenzi watatu wanaweza kuuandika waraka huo kabla ya joto la Februari ijayo, na wapangaji wao wana haki ya kuwauliza kama wameuanza.